Mkataba wa mchapishaji: "asilimia 50 ya mapato halisi" nje ya nchi. Nisaini au nirudishe?

Nota_Nane

Wakuu, salaam. Nina rasimu ya mkataba mezani, kurasa 14, kwa kazi tatu: moja ya kwaya na okestra yenye dakika 22, na mbili za kwaya bila ala. Naomba macho ya wanaoijua mikataba hii kabla sijarudisha majibu.

Mchapishaji anataka nimhamishie hakimiliki yote, dunia nzima, kwa muda wote ambao hakimiliki itakuwa hai. Ananipa malipo ya awali, ila yatafidiwa kutoka "mapato yoyote ya Mtunzi kwa kazi yoyote iliyo chini ya Mchapishaji". Kwa nakala zinazouzwa nalipwa asilimia 10 ya bei ya rejareja. Mengine yote ni 50 kwa 50 ya "mapato halisi yaliyopokelewa na Mchapishaji". Kuhusu nje kuna sentensi moja tu: Mchapishaji "anaweza kuteua wawakilishi katika nchi yoyote kwa masharti atakayoona yanafaa". Kukodisha nota za okestra hakukutajwa kabisa.

Nilipouliza kwa nini lazima nihamishe hakimiliki yote, nilijibiwa kwamba bila hivyo kazi haiwezi kulindwa nje. Ni kweli? Na hiyo 50 kwa 50 ni ya haki, au kuna kitu sikioni?

KaraniWaMirabaha

Mkuu, usichokiona ni mahali hesabu inapoanzia. Kabla ya kujadili asilimia, uliza inapigwa juu ya kiasi gani.

Chukua 100 iliyolipwa nje kwa haki za mekanika, yaani za kunakili muziki kwenye diski, upakuaji na utiririshaji. Mwakilishi wa mchapishaji katika nchi hiyo anakata fungu lake, kwa kawaida kati ya asilimia 15 na 25. Tuseme 25. Zinabaki 75, na hizo ndizo "mapato halisi yaliyopokelewa". Nusu yako ni 37.5. Mkataba ukisema hesabu inafanyika kwenye chanzo, yaani pale fedha ilipolipwa mara ya kwanza, nusu yako ni 50 kamili. Fungu la mwakilishi linatoka upande wa mchapishaji, naye anabaki na 25.

Hapo mwakilishi ni mmoja. Mara nyingi wanakuwa wawili: wa nchi anakata 25, zinabaki 75, wa kanda anakata asilimia 20 ya hizo 75, zinabaki 60, wewe unapata 30. Na kuna hali mbaya zaidi, ambapo mwakilishi wa nje ni kampuni dada ya mchapishaji wako na wamekubaliana akate asilimia 50. Zinafika 50, unapewa 25, na kundi lile lile la kampuni limebaki na 75. Hakuna aliyevunja mkataba, kwa sababu ulisaini "kwa masharti atakayoona yanafaa".

Kwa hiyo omba kwenye chanzo. Wakikataa kabisa, kubali mapato yaliyopokelewa lakini weka dari: makato ya wawakilishi wote kwa jumla yasizidi asilimia 20 ya fedha iliyolipwa kwenye chanzo, na kampuni yoyote yenye uhusiano wa umiliki na Mchapishaji ihesabiwe kuwa ni Mchapishaji mwenyewe. Maneno "kwa jumla" usiyaache, maana dari ya asilimia 20 kwa kila mwakilishi haizuii mlolongo.

Fungu kubwa zaidi lina uhalali mahali pamoja: mwakilishi anapokwenda mwenyewe kumtafuta kwaya au msanii wa kwao arekodi upya kazi yako. Kwa rekodi hiyo tu, asilimia 30 hata 40 ni jambo la kawaida, kwani bila yeye fedha hiyo isingekuwepo. Andika wazi kwamba rekodi zilizotengenezwa kwingine zikaingia nchini kwake hazihusiki.

Kuhusu ulinzi, jibu ulilopewa si sahihi. Chini ya Mkataba wa Berne wa 1886, ule wa kimataifa wa hakimiliki, kazi inalindwa katika nchi wanachama bila masharti ya usajili, na hailazimu hakimiliki iwe mikononi mwa mchapishaji. Ili kukusanya fedha nje, mchapishaji anahitaji mamlaka ya kuwakilisha, na hayo yanapatikana kwa mkataba wa usimamizi tu: hakimiliki inabaki kwako, yeye anasajili, anakusanya na kukata asilimia 10 hadi 20, kwa muda wa miaka mitatu au mitano. Kuhamisha hakimiliki yote ni uamuzi wa kibiashara. Kunaweza kuwa na sababu nzuri, hasa kama anagharamia kuchapa nota za okestra, lakini sababu iwe hiyo.

Wakili_Kalamu

Karani amesema vizuri. Naongeza muda na eneo, kwa sababu hapo ndipo watunzi wanapojifunga kwa miongo.

"Dunia nzima" haina budi kuvunjwavunjwa. Muulize mchapishaji ana mwakilishi aliyesaini naye katika nchi zipi, leo hii. Zile ambazo hana, zitoke, au ziingie kwa sharti: kama ndani ya miezi 12 kazi haijasajiliwa katika nchi fulani, haki za nchi hiyo zinarudi kwa Mtunzi kwa taarifa ya maandishi. Kuuza kwa maeneo ni desturi ya zamani sana. Mwaka 1807 mtunzi Beethoven alimuuzia mchapishaji Clementi wa London kazi kadhaa kwa ajili ya maeneo ya Uingereza, kwa pauni 200, akabaki huru kuziuza kwingine. Fedha yenyewe ilichelewa kwa miaka, kwa hiyo tarehe ya kulipwa nayo iandikwe.

Kuhusu muda, kama ni lazima uhamishe, weka ukomo wa miaka 10 hadi 15, na sharti la kurudi mapema: nota zisipowekwa sokoni au kuwa tayari kukodishwa ndani ya miezi 12 tangu ukabidhi muswada, haki zote zinarudi. Kisha soma kipengele cha makusanyo baada ya mkataba kwisha. Miezi 12 ya kumalizia kukusanya fedha za matumizi yaliyokwisha kufanyika inatosha. Ukiona "mapato yote yatokanayo na matumizi yaliyoanza wakati wa mkataba" bila tarehe ya mwisho, kifute.

Kwa Marekani pekee, sheria yao inampa mtunzi haki ya kuvunja uhamisho alioufanya mwenyewe tangu 1 Januari 1978. Dirisha linafunguka miaka 35 baada ya uhamisho. Kama uhamisho unahusu haki ya kuchapisha, ni miaka 35 tangu kuchapishwa au 40 tangu uhamisho, ipi itangulie. Taarifa inatolewa si chini ya miaka 2 wala zaidi ya 10 kabla ya tarehe ya kuvunja. Haki hiyo haiwezi kuondolewa kwa mkataba, lakini haipo kabisa kwa kazi iliyohesabiwa kuwa ya ajira. Kwa hiyo ukiona neno lolote linalosema umetunga "kama mwajiriwa" au "kwa kuajiriwa", liondoe, hata kama halikusumbui leo.

Malipo ya awali: yafidiwe kutoka kazi hizi tatu tu, na yasiwe ya kurejeshwa mfukoni mwako zisipouza. Ile sentensi ya "kazi yoyote" inamaanisha wimbo wa kwaya unaouza vizuri utalipia deni la kazi ya okestra isiyopigwa, pamoja na madeni ya mikataba utakayosaini baadaye.

MpangaNota

Kunyamaza kuhusu kukodisha ndiko kungenizuia kusaini kabla ya yote. Kazi ya okestra ya dakika 22 haiuzwi kama kitabu cha kwaya. Watu wanakodisha seti, wanapiga, wanarudisha. Fedha ya kazi hiyo iko kwenye kukodisha na kwenye mirabaha ya utendaji, yaani ya kupigwa hadharani, na asilimia 10 ya bei ya rejareja itahusu zaidi nakala za wanakwaya.

Andika kwamba mtunzi anapata asilimia 50 ya ada ya kukodisha, kabla ya kukata gharama yoyote ya kunakili, kufungasha au kutuma. Wakala wa kukodisha wa nje naye aingie kwenye dari ile ile aliyoeleza Karani, la sivyo mlolongo utarudi kwa mlango huu.

Kisha nani analipia kutengeneza seti? Seti moja ya okestra ya kawaida ina skoa ya kondakta (yenye nota za ala zote), nota za pulizo, matarumbeta na ngoma moja moja, na za nyuzi kwa idadi ya madawati: kwa mfano 7 za violini ya kwanza, 6 za violini ya pili, 5 za viola, 4 za cello na 3 za besi, kwa kuwa wapigaji wawili husoma nakala moja. Hapo kwaya haijahesabiwa. Mchapishaji agharamie, na gharama hiyo isigeuzwe kuwa malipo ya awali kwa jina jingine. Ikiwa wewe ndiye uliyechapa kila kitu kwa programu ya nota na kukabidhi faili zilizo tayari, basi umemfanyia kazi yake. Dai ada ya kuchapa, au asilimia 60 ya kukodisha badala ya 50.

Upate prufu, yaani nakala ya kusahihisha kabla ya kuchapwa, mara mbili: ya skoa, na ya kila ala. Makosa yanayorudisha seti nzima ni yale yale kila mara: klarineti na honi zilizosahaulika kuhamishwa ufunguo, namba za mizani (baa) zisizolingana na skoa, ukurasa unaogeuzwa katikati ya nota za haraka, mpigaji aliyenyamaza mizani 60 bila kuwekewa nota za kumwongoza kuingia. Mkataba useme makosa ya mchapaji hayatozwi kwa mtunzi. Mabadiliko yako baada ya prufu ya pili unaweza kutozwa, hiyo ni sawa.

Sauti_ya_Nne

Samahani nikiingilia. Mbona hakuna aliyeuliza maneno ya kwaya ni ya nani?

Nota_Nane

Kazi kubwa imetumia shairi. Mshairi alifariki miaka 58 iliyopita, na shairi lilichapishwa miaka michache kabla ya kifo chake. Nilidhani liko huru.

Sauti_ya_Nne

Huenda liko huru kwenu na bado lina mwenyewe kwingine. Berne inaweka kiwango cha chini cha miaka 50 baada ya kifo. Nchi za Umoja wa Ulaya na Uingereza zinatumia 70. Nchi nyingi za miaka 70 huliwekea shairi la nje muda mfupi zaidi kati ya muda wao na wa nchi lilikotoka, kwa hiyo lazima ujue kwanza nchi yake ya asili ni ipi na sheria yake inasemaje. Marekani haifuati kanuni hiyo ya muda mfupi: kazi nyingi za zamani zinahesabiwa miaka 95 tangu kuchapishwa. Shairi lililochapishwa miaka 60 iliyopita linaweza kuwa huru kwingi na lisiwe huru Marekani.

Tafuta warithi wa mshairi, au mchapishaji wa vitabu vyake, upate ruhusa ya maandishi inayotaja kutiwa muziki, kuchapishwa, kutendwa hadharani, kurekodiwa, na nchi zote. Ruhusa ya "kutumia shairi kwenye tamasha" haitoshi. Wakiomba hisa, mgawanyo wa maneno na muziki uandikwe kabla ya kusajili.

Halafu ufungue ukurasa wa dhamana wa rasimu yako. Karibu mikataba yote ina sentensi kwamba Mtunzi anathibitisha kazi haina madai ya mtu na atamfidia Mchapishaji "kwa hasara na gharama zote". Mrithi akijitokeza, hiyo sentensi inakuangushia wewe gharama. Ipunguze: fidia ilipwe kwa hukumu ya mwisho tu au suluhu uliyoikubali kwa maandishi, na isizidi ulichopokea chini ya mkataba huu.

KaraniWaMirabaha

Hoja nzuri sana, nilipaswa kuuliza mimi.

Nimalizie upande wa utendaji hadharani, maana rasimu inasema "mengine yote ni 50 kwa 50" na neno "yote" ni hatari hapo. Mirabaha ya tamasha, redio na televisheni, fungu la mtunzi linatoka chama cha mirabaha cha nje (kinachokusanya ada hizo kwa niaba ya watunzi), linaingia chama chako, linakufikia moja kwa moja. Halipiti kwa mchapishaji. Mkataba useme wazi kwamba fungu hilo halihusiki na mgawanyo wala halifidii malipo ya awali. Fungu la mchapishaji lina mipaka kwenye kanuni za vyama vyenyewe: SACEM ya Ufaransa, kwa mfano, inagawa haki za utendaji theluthi kwa mwandishi wa maneno, theluthi kwa mtunzi, theluthi kwa mchapishaji. Ukiandika 50 kwa 50 ya "yote", utakuwa umempa mchapishaji nusu ya ile theluthi yako pia.

Opera, baleti na kazi nyingine za jukwaa mara nyingi haziendi kwa vyama; huombewa leseni kwa mchapishaji moja kwa moja. Kazi yako ya kwaya ikichezewa dansi jukwaani, inaweza kuingia humo. Weka sharti la ridhaa yako, sawa na kwenye leseni ya sinki, yaani muziki kuwekwa kwenye filamu, tangazo au kampeni ya siasa.

Usajili ndio unaopoteza fedha nyingi kimya kimya. Kabla ya kazi kutoka, uwe na namba yako ya IPI (tarakimu 11, inayokutambulisha wewe mtunzi kwa vyama), na baada ya kusajili dai msimbo wa ISWC, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha kazi, wa kila kazi: herufi T, tarakimu 9, kisha tarakimu moja ya kuhakiki. Andika majina yote ya kazi, pamoja na tafsiri na majina ya sehemu zake. Muda wa kazi andika 22:00, yaani dakika 22, kwa sababu vyama vingi hulipa tamasha kwa kuzingatia dakika. Angalia na hisa: BMI, chama cha mirabaha cha Marekani, huhesabu jumla ya asilimia 200, 100 za watunzi na 100 za wachapishaji, na fomu iliyojazwa kwa hesabu ya jumla ya 100 inaacha nusu bila mwenyewe. Hisa mbili zikigongana, malipo yanasimamishwa hadi pande zote ziandike barua. Utiririshaji wa Marekani una ofisi yake ya mekanika, MLC, inayofanya kazi tangu Januari 2021. Muulize mchapishaji nani anasajili huko.

Tena, baada ya kila tamasha la nje, tuma chama chako programu yenye tarehe, ukumbi, jina la kundi na dakika. Ada ya kukodisha iliyolipwa si leseni ya utendaji, na makundi mengi huchanganya hayo mawili.

Kuhusu taarifa za mirabaha: mara mbili kwa mwaka, hadi 30 Juni na 31 Desemba, zilipwe ndani ya siku 90. Kila mstari uonyeshe kazi, nchi, aina ya matumizi, kipindi, kiasi cha kwenye chanzo, makato na aliyekata, kisha kiasi chako. Mstari unaosema "Nje, mbalimbali" na tarakimu moja hauwezi kukaguliwa na mtu yeyote. Haki ya kukagua vitabu iwe mara moja kwa mwaka, kurudi nyuma miaka mitatu, na upungufu ukizidi asilimia 5 mkaguzi alipwe na mchapishaji. Usishtuke fedha za nje zikichukua miezi 18 hadi 24: chama cha nje kinagawa, mwakilishi anafunga nusu mwaka wake, mchapishaji wako anafunga wake.

Wakili_Kalamu

Kodi nayo, kwa kifupi. Nchi nyingi hukata kodi ya zuio kwenye mirabaha inayolipwa kwenda nje. Marekani ni asilimia 30 kama hakuna mkataba wa kodi kati yake na nchi ya mlipwaji. Kama upo, jaza fomu ya W-8BEN na namba yako ya mlipakodi; fomu isiyo na namba haipati punguzo. Inakwisha nguvu mwishoni mwa mwaka wa tatu baada ya ule uliosaini, kwa hiyo weka ukumbusho. Omba hati ya kila kodi iliyokatwa, uitumie kudai nafuu kwa mamlaka ya kodi ya kwenu. Mchapishaji asiyekupa hati amekufanya ulipe mara mbili.

Nota_Nane

Nawashukuru sana wakuu. Nimeanza barua kwa warithi wa mshairi. Kipengele cha nje nimekiandika upya hivi, naomba mkihakiki:

"Mchapishaji atamlipa Mtunzi asilimia 50 ya Mapato Halisi ya nje, yakihesabiwa kwenye chanzo, bila kukata fungu la mwakilishi yeyote. Kampuni yenye uhusiano wa umiliki na Mchapishaji itahesabiwa kuwa Mchapishaji. Nchi ambayo kazi haijasajiliwa ndani ya miezi 12 itarudi kwa Mtunzi kwa taarifa ya maandishi."

KaraniWaMirabaha

Kimekaa vizuri, ila umetumia "Mapato Halisi" kwa herufi kubwa. Rudi kwenye ukurasa wa tafsiri ya maneno mwanzoni mwa mkataba. Kama bado panasomeka kwamba Mapato Halisi ni "fedha iliyopokelewa na Mchapishaji baada ya makato", una mkataba wenye kauli mbili zinazopingana, nao watashika ile inayowafaa. Andika "fedha yote iliyolipwa kwenye chanzo" badala yake. Na "itarudi" inahusu nchi. Andika "haki za kazi katika nchi hiyo zitarudi".